Mikoba yangu imeandikwa Italia, nami sina hakika tena

Shikamoo Mama,

Nina duka dogo la mikoba na viatu vya kike hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi wananipata Instagram, kisha tunamalizana kwa WhatsApp. Mikoba ninayouza ni ya ngozi. Haina jina kubwa la kifahari, ila ndani ya kila mmoja kuna kipande cha ngozi kilichopigwa muhuri wa rangi ya dhahabu, Made in Italy, na hiyo ndiyo sifa ya duka langu. Mkoba mmoja unanifikia kwa shilingi 310,000, nikijumlisha bei ya kununulia, usafiri na ushuru. Ninauuza 780,000, na watu wanalipa.

Mzigo ananitumia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayeishi Italia karibu na Firenze. Yeye ndiye anayejuana na kampuni ndogo tunakonunua. Analipa kule, anafungasha, na maboksi yanakuja kwenye kontena la kuchangia. Mambo ya bandarini anamaliza mwenye kontena. Mimi nalipia nafasi ya mzigo wangu na kuchukua maboksi, basi.

Mwezi uliopita mteja wangu wa siku nyingi alipeleka mkoba wake kwa fundi Kariakoo abadilishiwe zipu. Fundi alipofumua bitana akakuta lebo ya kitambaa iliyokatwa kwa mkasi, imebaki kama nusu sentimita ndani ya mshono, ina herufi za Kichina. Mteja akanitumia picha na swali: "Mpenzi, huu si uliniambia wa Italia?" Hakuandika kwa hasira, lakini amekuwa akiangalia zile video za TikTok za wauzaji wa China wanaosema mikoba yote ya kifahari wanashona wao. Nimemwambia nafuatilia. Zaidi ya hapo sijamjibu.

Nilipomuuliza shemeji alisema sehemu ya kazi inafanyika China, Italia wanaweka mikanda na minyororo, wanakagua, wanapiga muhuri na kufungasha. Akaongeza kwamba sheria ya Ulaya inaruhusu.

Sijakaa sawa, mzigo mpya ukafika. Mikoba 18 haina muhuri popote. Ndani ya boksi kuna mfuko wa nailoni wenye vipande vya ngozi vilivyokwisha kupigwa Made in Italy. Shemeji anasema kule walizidiwa na kazi, nimpe fundi wangu avishone, ni dakika chache kwa kila mkoba.

Na mikoba hiyo ina wenyewe. Kamati ya send-off imeniagiza 10, zawadi kwa akina mama wa upande wa bwana harusi. Sherehe ni wiki tano zijazo. Wameshalipa nusu, 3,900,000. Mkononi zimebaki milioni 2, nyingine zilikwenda kwenye mkopo wa kikundi, ambao ninalipa 1,200,000 kila mwezi na imebaki miezi mitano.

Mume wangu anasema nishone nisonge mbele. Kwa maneno yake, hata makampuni makubwa ya kifahari yanafanya hivyo, yamefikishwa mahakamani Milano na bado yanauza. Tena, anasema, huyo ni mdogo wake: nikianza kueleza wateja, nimemwita mwizi mbele za watu. Rafiki yangu yeye anataka nitangaze kila kitu Instagram na nirudishe pesa za watu. Mimi nimekwama katikati. Kama sheria inaruhusu kweli, kwa nini roho inanisuta? Na kama hairuhusu, nitamwambia nini mteja, kamati, na mume wangu?

Mwenye Duka, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Pole. Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa kitita kimoja, na nadhani uzito unaousikia unatokana na kuyabeba yote kwa pamoja. Kuna mikoba uliyokwisha kuuza ukiamini muhuri wake. Kuna hii 18 isiyo na muhuri, na mfuko wa vipande unaosubiri uamuzi wako. Halafu kuna ndugu wa mume wako. Kila moja lina njia yake, na la kwanza haliwezi kutatuliwa kwa jibu la la pili.

Nianze na kauli ya shemeji, maana yeye na rafiki yako wote wanaishika sheria kwa ncha moja.

Maneno Made in Italy hayana maana ya kwamba kila kitu kimefanyika Italia. Forodha ya Umoja wa Ulaya ina kanuni, Kifungu cha 60 cha Kanuni ya Forodha ya mwaka 2013, inayosema kwamba bidhaa iliyopita nchi zaidi ya moja ni ya nchi ile ilikofanyiwa kazi kubwa ya mwisho: kazi yenye sababu ya kiuchumi, iliyofanywa mahali penye vifaa vya kazi hiyo, ikazaa bidhaa mpya au ikawa hatua muhimu ya utengenezaji. Kwa hiyo ngozi inaweza kutoka Brazil, zipu Japani, bitana China, na mkoba ukawa wa Italia kihalali, ilimradi umekatwa, ukashonwa na kuunganishwa Italia. Herufi za Kichina kwenye kitambaa cha bitana pekee yake hazithibitishi udanganyifu wowote.

Lakini kanuni hizo hizo zinataja kazi ambazo ni ndogo mno kuipa bidhaa uraia. Zimo: kubadilisha vifungashio, kuweka alama na lebo, na kuunganisha tu vipande vilivyo tayari ili bidhaa ikamilike. Sasa soma tena maneno ya shemeji: mikanda, minyororo, ukaguzi, muhuri, kufungasha. Kama orodha yake ni kamili, basi karibu yote inaangukia upande wa kazi ndogo. Kama ameeleza kwa mkato, na kumbe ngozi inafika kule ikiwa vipande bapa ambavyo vinashonwa mwili wa mkoba hapo hapo, jibu linageuka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja, na ulize hivi hivi: mikoba inapoingia Italia, inaingia ikiwa vipande au inaingia ikiwa imeshafungwa mdomo? Ukiuliza kama ni halali utajibiwa ndiyo. Ukiuliza kama ni ya Italia utajibiwa ndiyo vilevile. Swali la vipande au mkoba mzima halina pa kujificha.

Sijui kama shemeji anadanganya, na naomba nawe usilichukulie hilo kuwa limeshathibitika. Yeye ni mnunuzi kama wewe, na huenda anarudia alichoambiwa na kampuni. Watu wengi wa biashara hii wanaishi na kanuni za viatu kichwani, kisha wanazihamishia kwenye mikoba. Kwa viatu mlango ni mpana zaidi: sehemu ya juu ya kiatu ikishonwa nchi nyingine ikaja Italia kabla haijafungwa kwenye soli wala soli ya ndani, kisha ikawekewa soli Italia, kiatu kinahesabiwa cha Italia. Ndiyo maana mwaka 2017 gazeti la The Guardian lilipoandika kwamba viatu vya Louis Vuitton vinatengenezwa kwa sehemu kubwa Romania kabla ya kumaliziwa Italia, wasomaji walishtuka kuliko wanasheria. Nguo nazo zina kanuni ya upande wa pili: ushonaji wote baada ya kukata kitambaa ndio unaotoa asili, kwa hiyo blauzi iliyokatwa Milano ikashonwa Romania ni ya Romania. Kila bidhaa ina mstari wake.

Kabla hujaandika ujumbe kwa yeyote, kaa na mkoba mmoja wa zamani mezani, taa nzuri na mkasi mdogo wa kufumulia. Muulize fundi wa Kariakoo ile lebo iliyokatwa ilikuwa kwenye mshono upi. Kama ilikuwa kwenye mshono wa bitana kwa bitana, inaonyesha bitana ilikoshonwa tu, na bitana inaweza kununuliwa ikiwa tayari. Kama ilikuwa kwenye mshono wa mdomo wa mkoba, pale bitana inapokutana na ngozi, mshono huo ndio unaofunga mkoba, na aliyeweka lebo ile ndiye aliyeufunga. Kisha tazama kipande chenye muhuri. Ngozi haina desturi ya kitambaa ya kuziba. Tundu la sindano likishatoboka linabaki. Ukikuta mstari wa pili wa matundu matupu kando ya uzi, jua kuna kitu kilichowahi kushonwa pale kikang'olewa. Tazama pia kingo za mikanda na kingo za mwili wa mkoba: rangi ya kingo kwenye mkoba uliotoka meza moja huwa ya unene na mng'ao mmoja. Zikipishana wazi, huenda mikanda na mwili vimetoka mikono miwili. Hilo ni dokezo, usilichukue kama ushahidi.

Baada ya macho, karatasi. Mwombe shemeji ankara ya kampuni kwa mzigo huu wa mwisho, ile yenyewe, siyo picha ya bei. Utafute namba ya forodha ya bidhaa. Mikoba ya mkononi ambayo nje ni ngozi huwa chini ya 4202 21; yenye nje ya plastiki au kitambaa huwa 4202 22. Ukikuta 4202 22, una tatizo lingine kabisa, la ngozi yenyewe, na ni heri ulijue sasa. Kisha omba cheti cha asili kutoka chemba ya biashara ya kule, wanaiita Camera di Commercio. Hapa wengi wanateleza: wanaona mhuri wa chemba ya Italia wanafurahi. Chemba ya Italia inaweza kutoa cheti kwa bidhaa ya asili ya China inayosafirishwa kutoka Italia, bila kosa lolote. Soma kisanduku namba 3, kinachotaja nchi ya asili. Na mwenye kontena mwombe nakala ya sehemu ya TANSAD, ile fomu ya tamko la forodha ya hapa kwetu, inayohusu mzigo wako, uone aliandika nchi gani ya asili. Kama kuna sehemu imeandikwa China na muhuri unasema Italia, umeshapata jibu lako bila kugombana na mtu.

Usishangae kama hupati yote. Mzigo wa kuchangia kontena mara nyingi hauachi karatasi yenye jina lako, na huo ni udhaifu wa biashara yako hata kama mikoba hii ingekuwa safi kabisa. Siku mkaguzi akiingia dukani, cha kumwonyesha huna.

Sasa ile hoja ya mume wako kuhusu makampuni makubwa. Ameshika jambo la kweli, ila naona amelibeba kichwa chini. Aprili 2024 mahakama ya Milano iliiweka Giorgio Armani Operations chini ya usimamizi wa mahakama, na Juni mwaka huo huo ikafuata Manufactures Dior. Nyaraka za waendesha mashtaka zilieleza mkoba wa Dior uliolipiwa karakana euro 53, bila kuhesabu ngozi, ukauzwa dukani kwa euro 2,600. Kwa Armani, karakana ilipata euro 93, msambazaji wa kati akauza kwa Armani 250, dukani ukafika kama 1,800. Usimamizi huo uliondolewa mapema mwaka 2025, na Agosti 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Armani faini ya euro milioni 3.5 kwa kauli za kupotosha kuhusu maadili na wajibu wake kwa jamii.

Lakini angalia tatizo lilikuwa wapi. Mikoba ile ilishonwa Italia kweli, kwenye karakana ndogo za pembeni mwa Milano ambako wafanyakazi walilala humo humo. Lebo ilitaja nchi kwa ukweli. Kilichofichwa ni hali ya waliokuwa wakishona. Prato, mji usio mbali na Firenze, moto wa Desemba 1, 2013 uliua wafanyakazi saba wa Kichina ndani ya karakana ya nguo walimokuwa wakiishi, na nguo kutoka karakana kama zile ni za Italia kisheria. Kwa hiyo mfano wa mume wako hautetei kushona muhuri Dar es Salaam. Unachoonyesha ni kwamba lebo ya nchi haijawahi kuwa cheti cha ubora wala cha utu. Mkoba wako ulioshonwa China unaweza kuwa na mishono bora kuliko uliotoka chumba cha chini Prato. Ukimwambia mteja kuwa mkono wa China maana yake ni kitu kibovu, utakuwa umemwongezea kosa jingine.

Niseme pia kuhusu neno feki, kwa kuwa naliona likikunyemelea. Feki ni kunakili alama ya biashara ya mtu. Mikoba yako haina jina la mtu, kwa hiyo haimo humo. Kinachohojiwa ni maelezo ya asili, nayo yana sheria yake. Uingereza ilitunga iliyojulikana sana, Sheria ya Alama za Bidhaa, mwaka 1887, baada ya mafundi wa visu wa Sheffield kulalamika kwamba visu vya Solingen, Ujerumani, vinauzwa vikiwa na alama za kwao. Ikalazimisha bidhaa za kigeni zisibebe sura ya Kiingereza, na maneno Made in Germany, yaliyokusudiwa kuwa onyo, baada ya miaka yakawa sifa. Tanzania tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, yenye jina lile lile, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji.

Hapo ndipo mfuko ule wa nailoni unapokuwa mzito. Mkoba uliofika na muhuri wake, ukauuza kwa kuamini, una maelezo: uliuziwa hivyo. Mkoba uliofika bila muhuri, ukaushonea wewe, hauna maelezo hayo. Hata kama kampuni ya Italia ina haki kamili ya kuandika Italia, kazi ya kuandika ingefanywa na yenyewe, kule, kwa jina lake. Fundi wako akishona, aliyeweka maelezo ya asili kwenye bidhaa ni wewe, na jina la shemeji halionekani popote. Tena jiulize kwa nini hawakupiga kule. Huenda kweli walizidiwa. Huenda pia kampuni inaona hatari isiyotaka kuibeba: Italia, kwa sheria ya mwaka 2003, muhuri wa asili wa uongo ni kosa la jinai, na kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema ni swali linalostahili kuulizwa kabla ya sindano.

Tuje kwenye pesa, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi kuliko sheria. Ukiuza mikoba 18 kwa 780,000, faida ni 8,460,000. Tuseme, kwa mfano tu, unaiuza bila muhuri na bila kutaja Italia kama asili, kwa 520,000. Faida inashuka hadi 3,780,000. Kipande kile cha ngozi, kwa hesabu hiyo, kinakulipa 260,000 kwa kila mkoba. Kamati ikikubali bei hiyo, mikoba 10 ni 5,200,000. Walishatoa 3,900,000, wanakudai mikoba na wewe unawadai 1,300,000. Mikoba 8 iliyobaki inaleta 4,160,000. Ukijumlisha na milioni 2 ulizonazo unafika 7,460,000. Mkopo wote uliobaki ni milioni 6. Unalipa, na unabaki na 1,460,000, ambayo haitoshi kununua hata mikoba mitano ya mzigo unaofuata. Inauma, lakini duka halifi. Kinachokufa ni mzigo mkubwa wa msimu huu.

Kamati ikijitoa, hali ni ngumu zaidi. Unatakiwa kurudisha 3,900,000 na una milioni 2. Itabidi uuze kama mikoba minne kwa 520,000 kabla hujamaliza kuwarudishia, na rejesho la kikundi la mwezi huo liko palepale. Ndiyo maana nadhani, kama utaamua kuwaambia, uwaambie mapema huku wiki tano zikiwepo, siyo wiki ya mwisho. Wakiwa na muda wana nafasi ya kuchagua: kuchukua mikoba hiyo hiyo kwa bei mpya, kuchukua michache na kuongeza kitu kingine, au kurudishiwa kwa awamu mbili. Wakiwa hawana muda, watakachokuwa nacho ni hasira. Mwone mwenyekiti wa kamati uso kwa uso ukiwa na mkoba mkononi, aguse ngozi, avute zipu. Wapo watakaosema walichopenda ni mkoba. Wapo pia watakaosema walichopenda ni kuweza kutamka Italia mbele ya wakwe, na hao usiwalaumu. Walilipa kwa ajili hiyo.

Ushauri wa rafiki yako wa kutangaza Instagram una heshima yake, ila una shimo. Leo hujui kama mikoba ya zamani si ya Italia. Ukitangaza kwamba ulidanganywa, kisha ankara ikaonyesha kwamba vipande vilishonwa kule, umemchafua shemeji na kampuni bila haki, na tangazo la pili la kusahihisha halisomwi kama la kwanza. Kukaa kimya nako kuna shimo: ile picha ya lebo iko kwenye simu ya mteja, na picha za WhatsApp hazikai simu moja.

Kuhusu yeye, asisubiri karatasi zote. Unaweza kumwandikia kitu kama hiki: "Dada, nimeuliza kuhusu mkoba wako. Mimi niliuziwa kama wa Italia na muhuri ulikuwepo ulipofika. Sasa nimeambiwa sehemu ya kazi ilifanyika China, na nimeomba nyaraka nijue ni sehemu gani. Nikizipata nitakuonyesha. Gharama ya zipu na kurudishia bitana niachie mimi." Usiahidi kumrudishia pesa zote kama huna. Kama ataomba, punguzo kwenye ununuzi ujao ni ahadi unayoweza kuitimiza. Na zile video za TikTok, unaweza kumkumbusha kwa upole kwamba anayesema anatengeneza mikoba ya kifahari huku anakuuzia mkoba, yuko kwenye tangazo la biashara yake.

Mikoba ya zamani yenye muhuri, kama imebaki dukani, nadhani ingepumzika rafuni mpaka jibu lije. Mpya, ukiamua kuiuza ilivyo, ielezee kwa yale unayoweza kuyaonyesha: aina ya ngozi, vipimo, mishono, muda unaokubali kurudishiwa. Jihadhari na maneno ya mlango wa nyuma kama "mtindo wa Italia" au jina la Firenze kwenye picha. Mteja atasikia kile kile alichokuwa akisikia kwenye muhuri.

Limebaki la nyumbani. Mume wako anamlinda mdogo wake, na hilo ni jema. Huenda bado hajaona kwamba kwenye kushona, anayebaki bila ulinzi ni mke wake. Ningependa alisikie kwako mkiwa wawili, kabla halijawa kikao cha ukoo. Unaweza kumwomba yeye ndiye ampigie simu mdogo wake. Swali la kaka mkubwa, "mikoba inaingia huko ikiwa vipande au imeshafungwa?", halina sauti ya shtaka ambayo lingekuwa nayo likitoka kwa shemeji mwenye duka. Mpeni pia njia ya kutoka: kampuni ichukue vipande vyake, ipige muhuri mikoba inayofuata yenyewe kama ina haki hiyo, na ankara ije na kila mzigo. Kama kampuni ni safi, haitapoteza chochote kwa masharti hayo. Ikikataa, mtakuwa mmejifunza jambo wote watatu kwa wakati mmoja, na hata yeye atakuwa na kitu cha kuwaambia wateja wake wengine. Hatari ipo: anaweza kukasirika na kusimamisha mizigo, na huna msambazaji mwingine. Fikiria kabla ya simu hiyo kama una wiki nane au kumi za kuendesha duka kwa viatu peke yake.

Mfuko ule wa vipande hesabu vilivyomo, andika idadi na tarehe, ufunge, uweke mbali na mashine ya fundi. Usivitupe, vinaweza kuhitajika kurudishwa au kuonyeshwa. Ankara ikija, angalia kwanza ile namba ya 4202 na nchi ya asili, kisha niandikie ulichokuta pamoja na jibu la simu, tuendelee kutoka hapo.